Kabla hujatuma mafuta ya bangi Buguruni

Ombi likitoka Buguruni, Dar es Salaam, huja hivi: huko majuu bangi ni dawa, watoto wenye usonji wanapewa na wanatulia, basi nitafutie chupa moja, kuna mtu anakuja mwezi ujao. Anayeomba si mhuni. Ni mama wa mtoto asiyesema, asiyelala usiku, anayejigonga kichwa ukutani, na wapangaji wenzake wameshachoka na kelele. Waganga amewapitia, maombi ameyahudhuria, hospitali amekwenda. Kisha video ikaingia kwenye simu yake.

Video za namna hiyo zina historia, na historia yenyewe inaanza na kifafa. Mwaka 2013 CNN ilimwonyesha Charlotte Figi, binti mdogo wa Colorado mwenye ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha utotoni. Degedege zake zilipungua mno alipopewa mafuta ya bangi yenye kanabidioli nyingi na THC kidogo. Hizo ni kemikali mbili za mmea uleule, ila THC ndiyo inayolewesha. Juni 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Epidiolex, kanabidioli iliyosafishwa, kwa kifafa cha Dravet na cha Lennox-Gastaut. Kwa usonji haijaidhinisha dawa yoyote ya bangi.

Bangi ilihamaje basi kutoka kifafa hadi usonji? Kwanza, watoto wengi wenye usonji wana kifafa pia, na baadhi ya wazazi waliona mtoto ametulia hata pale ambapo shida haikuwa degedege. Pili, dawa zilizopo ni chache. FDA iliidhinisha risperidone mwaka 2006 na aripiprazole mwaka 2009, zote kwa kupunguza hasira na kujiumiza, si kutibu usonji wenyewe, na risperidone hunenepesha watoto. Mwaka huohuo wa 2009 mwandishi Marie Myung-Ok Lee alieleza hadharani kwa nini anampa bangi mwanawe wa miaka tisa, na Marekani ikagawanyika. Mwaka 2018 jimbo la Minnesota liliingiza usonji kwenye orodha ya hali zinazomruhusu mgonjwa kupata bangi ya dawa.

Minnesota si mbali nasi kama inavyodhaniwa. Minneapolis imejaa Wasomali, wengi wao waliopitia Kenya. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliotolewa mwaka 2013 ulikuta usonji kwa mtoto mmoja kati ya 32 wa Kisomali jijini humo, na mmoja kati ya 36 wa Kizungu. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba watoto wa Kisomali waliotambuliwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na ulemavu wa akili pia. Kwa hiyo mjadala huu unawagusa akina mama wa Afrika Mashariki kwenye zahanati za huko kila siku.

Ushahidi wenyewe unasemaje? Jaribio linalotajwa sana ni la hospitali ya Shaare Zedek, Jerusalem, lililochapishwa mwaka 2021. Lilihusu watu 150 wa miaka 5 hadi 21, wengine wakipewa matone ya bangi na wengine matone yasiyo na dawa. Kwa kipimo kimoja, waliopata nafuu kubwa ya tabia za vurugu walikuwa asilimia 49 kwa matone ya mmea mzima, dhidi ya asilimia 21 kwa matone matupu. Kwa kipimo kingine, hapakuwa na tofauti ya maana. Anayeunga mkono hushika namba ya kwanza, anayepinga hushika ya pili, na huongeza hofu ya THC kwenye ubongo unaokua.

Angalia lakini wanachobishania: matone yaliyopimwa maabara, kwa kiwango kinachojulikana, mtoto akiwa chini ya daktari. Chupa ya dukani haina uhakika huo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 84 za kanabidioli zilizouzwa mtandaoni. Ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na 18 zilikutwa na THC. Isitoshe, kanabidioli hugongana na dawa za kifafa. Ikichanganywa na valproate, mojawapo ya dawa hizo, ini linaweza kuathirika, na daktari wa mtoto hatajua kama mama amefanya siri.

Halafu kuna sheria. Tanzania huongozwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na adhabu ya kusafirisha, kutegemea uzito, hufika kifungo cha maisha. Hakuna utaratibu wa daktari kumwandikia bangi mtoto mwenye usonji. Rwanda iliyofungua mlango mwaka 2020 ilifanya hivyo kwa kuuza nje tu. Atakayebeba chupa yako kwenye begi anabeba kesi, na bangi ya kijiweni ambayo mama anaweza kuigeukia baadaye ina THC isiyopimwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo ombi likija, jibu kwa swali: mtoto ana kifafa? Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watoto wa Tanzania wenye usonji ulikuta kwa baadhi yao dalili zilianza baada ya malaria kali, ugonjwa unaoweza pia kuacha kifafa. Kama degedege zipo, dawa ya kila siku isiyokatika ndiyo ya kugharamia kwanza, kupitia hospitali ya Amana au Muhimbili. Kama hazipo, uliza kuhusu usingizi, meno na masikio, maana mtoto asiyesema huonyesha maumivu kwa kujigonga. Kisha uliza shule: Msimbazi Mseto, Ilala, ina kitengo cha watoto wenye usonji, na nauli ya kila siku ya mtoto na msindikizaji ni mzigo kwa familia ya kupanga. Hela uliyotenga kwa ajili ya chupa itafanya kazi hapo bila kumpeleka mtu mahakamani.