Kostiki Soda Si Soda ya Kunywa

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya kitu kilichoingia katika nyumba nyingi za parokia zetu pamoja na kazi ya kutengeneza sabuni. Akina mama wa jumuiya hukichanganya na mafuta ya mawese au ya nazi, wakapata miche ya sabuni, wakauza na kulipa ada za watoto. Kazi hiyo ni njema na hatuipingi hata kidogo. Lakini sisi wauguzi hukutana na kitu hicho mahali pengine, yaani katika koo la mtoto.

Mwaka mmoja tulimpokea mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mama yake alikuwa amebakiza maji ya kostiki baada ya kumimina sabuni. Akaona ni hasara kuyamwaga, akayatia katika chupa ya soda na kuiweka chini ya meza. Mtoto alirudi kutoka kucheza akiwa na kiu. Alikunywa funda moja tu, akapiga kelele. Bibi yake, kwa mapenzi mema, alimtia kidole kooni atapike, kisha akamnywesha maziwa. Tulipompokea midomo ilikuwa imevimba kidogo tu. Baada ya siku chache akaanza kunywa uji, wazazi wakaomba ruhusa ya kurudi nyumbani.

Wiki ya tatu wakarudi. Kwanza ugali ulikataa kupita, halafu uji, mwishowe hata mate yalikuwa yakimtoka mdomoni. Kovu lilikuwa limeibana njia ya chakula. Akawekewa mrija tumboni wa kumlishia, na kwa zaidi ya mwaka mmoja akawa anapelekwa hospitali ya rufaa kupanuliwa koo, mara kwa mara, kila safari kwa dawa ya usingizi, nauli, na siku za kazi za baba yake zilizopotea. Mama yule alijilaumu sana. Kwa kweli hakuna mtu aliyekuwa amemweleza.

Kostiki ni nini basi? Wengine huiita magadi, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Magadi tunayotia katika maharage au kande hupatikana katika maziwa ya chumvi kama Natron na Magadi, na ukali wake ni mdogo ukilinganishwa na kostiki. Kostiki hutengenezwa kiwandani kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi. Wataalamu huiita sodiamu haidroksaidi. Ni nyeupe, huuzwa ikiwa vipande vidogo bapa au punje, na mtoto anaweza kuidhania chumvi au sukari. Haina harufu. Ikiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa mpaka ikalowa yenyewe. Ikiyeyushwa huonekana kama maji safi ya kunywa. Viwanda huitumia kwa kutengeneza karatasi, kwa kupata alumini kutoka katika mawe yake, na kwa sabuni. Tena hutumika kuzibulia mabomba ya maji machafu.

Kinachotengeneza sabuni ndicho hicho hicho kinachounguza. Kostiki hukamata mafuta na kuyageuza kuwa sabuni, wala haichagui kama ni mafuta ya mawese au yaliyomo katika mwili wa mwanadamu. Ukigusa maji yake vidole huteleza. Huko kuteleza ni ngozi yako yenyewe inayoanza kuyeyuka, hata kama bado husikii maumivu. Asidi kali, kama ile ya betri ya gari, mara nyingi hukausha nyama kama iliyochomwa, na ule ukoko huizuia kidogo isizame. Kostiki huilainisha nyama na kuendelea kwenda ndani. Ndiyo sababu funda moja linatosha. Tena ndiyo sababu midomo inaweza kuwa mizima huku njia ya chakula imeungua vibaya. Hapa twawaomba wazazi msidanganyike na midomo.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, kostiki ilikuwa katika nyumba nyingi kwa kazi za usafi na sabuni. Daktari mmoja wa koo, Chevalier Jackson, aliwatibu watoto wengi walioimeza, akadai kwa miaka mingi kwamba makopo yaandikwe kuwa ni sumu. Sheria ikapitishwa mwaka 1927. Lakini kostiki inayopimwa dukani kwa rejareja mara nyingi hufika nyumbani katika kifuko kisicho na neno hata moja. Basi yaandikeni wenyewe. Iwekwe katika chombo cha plastiki ngumu chenye mfuniko, kiandikwe SUMU, kifungiwe juu asikofika mtoto. Kamwe isitiwe katika chupa ya soda, ya maji, wala kikombe. Yeyusheni ile inayotosha kazi ya siku hiyo tu.

Wakati wa kuyeyusha, kostiki ndiyo imwagwe kidogo kidogo katika maji baridi. Ukimwaga maji juu ya kostiki huchemka ghafla na kurukia uso. Fanyeni kazi nje, watoto wakiwa mbali, mkivaa glavu za mpira na miwani. Sufuria za alumini hazifai, kwa maana kostiki huzila na kutoa hewa inayoweza kulipuka kwa moto. Vipimo navyo si vya kukisia: kilo moja ya mafuta ya mawese huhitaji kostiki gramu 140 hivi, lakini ya nazi huhitaji gramu 180 hivi. Anayetumia kipimo cha nazi kwa mawese huuza sabuni inayochubua ngozi.

Ikimwagikia ngozi, vua nguo zilizolowa na umwagie mahali hapo maji mengi safi mfululizo. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka nusu saa nzima kabla ya kuanza safari, huku mwingine akitafuta usafiri. Msitie maziwa ya mama wala dawa ya majani.

Mtu akiimeza, msimtapishe. Ikirudi juu huunguza koo mara ya pili, na yaweza kuingia katika mapafu. Msimpe limau wala siki kwa nia ya kuizima, maana zikikutana hutoa joto. Mkaa hausaidii. Msimshindilie maziwa, mafuta wala mayai mabichi, kwa kuwa tumbo likijaa atatapika. Mfuteni na kumsuuza mdomo, ateme, kisha mleteni hospitali saa ile ile, pamoja na chombo au kifuko chenyewe.

Na akiisha kuruhusiwa, mrudisheni tarehe mtakayopangiwa, hata kama anakula vizuri. Mtoto anayeanza kutafuna polepole, anayesukuma kila tonge kwa maji, au anayeacha ugali na kutaka uji tu, asingojewe mpaka tarehe hiyo. Aletwe siku hiyo hiyo.