Klorini haitiwi kwa kukisia

Mwulize mama yeyote wa Kisauni, Likoni au Changamwe ni jambo gani linalomkosesha usingizi, na huenda akataja maji kabla hajataja karo. Mfereji ukikauka, huitwa mkokoteni wa madumu. Mkokoteni usipopita, huendewa kisima cha jirani. Maji yote hayo, ya kila asili, huishia katika tangi moja, kisha hutiwa mfuniko mmoja au miwili ya klorini na watu wakanywa kwa imani.

Klorini ni dawa, ndugu msomaji, na dawa ina kipimo chake. Ikizidi, maji hayanyweki. Ikipungua, kipindupindu na homa ya matumbo huweza kupenya, na mtoto ndiye wa kwanza kulala kitandani.

Maji ya chemchemi za Mzima yalianza kufika Mombasa mwaka 1957, yakisafiri zaidi ya kilomita 200 kwa bomba. Hata maji yaliyotibiwa yanaweza kuchafuka njiani, kwa maana bomba likibaki tupu hunyonya uchafu kupitia nyufa zake. Visima navyo vina hatari yao. Sehemu kubwa ya ukanda huu imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na uchafu wa choo cha shimo huweza kufika kisimani bila kuchujwa na udongo.

Yatulie kwanza

Maji yakiwa na tope au majani, klorini hujishughulisha na uchafu huo ikaisha kabla ya kuwafikia vijidudu. Kwa hivyo yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa.

La pili ni pH, yaani kipimo cha uchachu. Namba 7 ni katikati. Chini yake maji ni machachu, juu yake yanaelekea upande wa magadi. Katika pH ya 7.5, karibu nusu ya klorini huwa katika hali yenye nguvu ya kuua vijidudu. Ikifika 8.5, hubaki kama sehemu moja tu kwa kumi. Maji yaliyopita kwenye matumbawe hubeba chokaa, na tangi jipya la saruji nalo hupandisha pH. Huenda basi ukatia dawa ileile anayotia jirani yako na usipate kinga aliyoipata yeye.

Karatasi za kupimia zinazouzwa na wenye maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea hutosha kwa kazi hii. Pima pH, tia dawa ya maji kwa kufuata maagizo ya chupa, koroga, ufunike, usubiri dakika 30. Kisha pima klorini iliyobaki. Shirika la Afya Duniani hutaka ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika hizo, pH ikiwa chini ya 8. Ikiwa pH imepita hapo, maji ya kunywa ni heri yachemshwe.

Usijaribu kuishusha pH kwa kumwaga siki au dawa ya choo ndani ya tangi. Klorini ikikutana na asidi hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Wala usitie dawa ya bwawa la kuogelea katika maji ya kunywa, kwani nyingine huchanganywa na kemikali zisizokusudiwa kunywewa.

Isichoweza klorini

Klorini haiondoi chumvi. Haiondoi pia naitreti inayotoka vyooni, ambayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Kuchemsha nako hakusaidii, kwani maji hupungua na chumvi hiyo ikabaki palepale. Maji ya kisima yaliyo karibu na vyoo hayamfai mtoto huyo, hata yang'ae namna gani. Mtafutie mengine.

Tangi lioshwe kila baada ya miezi michache na mfuniko wake ukaze. Na kila maji mapya yanapoingia, iwe ni ya mfereji au ya mkokoteni, pima upya. Kipimo cha juzi kilikuwa cha maji ya juzi.