Gari Liingialo Majini Tuliite Nini?

Mfasiri wa sheria za usalama barabarani hapati taabu na gari wala na mashua; taabu humfika pale chombo kimoja kinapokuwa vyote viwili. Mfano ulio wazi ni Amphicar, gari lililobuniwa na Hans Trippel na kuundwa Ujerumani ya Magharibi tangu mwaka 1961. Yaliundwa pungufu ya 4,000 kabla ya kazi kusimama katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Injini ilikaa nyuma. Barabarani ilizungusha magurudumu, na majini ilizungusha rafadha mbili. Mwaka 1965 magari mawili ya namna hiyo yalivuka mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Rais Lyndon Johnson wa Marekani alikuwa nalo moja, naye alipenda kuwatisha wageni wake kwa kuteremka nalo ziwani huku akipiga kelele kwamba breki zimekatika.

Wako watakaosema kwamba yatosha kulitohoa jina la kiwandani, kama ilivyokuwa kwa katapila na bajaji. Hatuafiki. Majina hayo yalikaa vinywani mwa watu kwa sababu mitambo yenyewe ilikuwa mbele ya macho yao kila siku; jina la gari ambalo msomaji hajapata kuliona halimwambii kitu. “Gari la maji” nalo halifai, maana hilo ndilo lipitalo mitaani kugawa maji mabomba yanapokauka.

Tunapendekeza garimashua, wingi wake magarimashua. Mpangilio wa maneno hayo mawili si jambo dogo: neno la kwanza ndilo litajalo jinsi ya kitu, na ndilo litawalalo upatanisho. Mashuagari ingekuwa mashua iliyotiwa magurudumu. Amphicar halikuwa na usukani wa mashua huko nyuma. Liligeuzwa kwa magurudumu yale yale ya mbele, majini kama barabarani. (Neno usukani, ambalo magari yaliliazima kwa vyombo vya baharini, hapa limerudi kwao.)

Kwa mtumishi wa serikali tofauti hii ina uzito. Akiandika “mashua” katika fomu, mwenye chombo aweza kudai kwamba halazimiki kuwa na leseni ya udereva. Akiandika “gari” peke yake, hakuna atakayeuliza habari za maboya ya kujiokolea.

Hata hivyo, garimashua lisitumiwe kwa kila kioja. Chombo cha Christopher Cockerell, SR.N1, kilichovuka mlango ule ule wa bahari tarehe 25 Julai, 1959, hakikutembea kwa magurudumu, bali kilielea juu ya hewa iliyosukumwa chini yake. Vyombo vya jinsi hiyo Uingereza ilivitungia sheria ya peke yake mwaka 1968. Tukisema “chombo cha mto wa hewa”, mwanafunzi atauliza mto huo watiririkia wapi. “Chombo cha godoro la hewa” chachekesha kidogo, lakini hakipotoshi. Nasi twakikubali hadi walimu watakapotuletea kilicho bora.