Nasaba za Pwani ya Ziwa

Mtu atakaye kuijua nasaba yake, katika pwani ya Ziwa Viktoria, toka Usagara hadi Ukerewe, hana budi kuwaendea wazee kabla ya makaratasi. Kwani mzee atamwuliza kwanza mwiko wa ukoo wake, mnyama gani kwao haliwi, ilhali daftari za ubatizo, hata za Bukumbi iliyo jirani na Usagara, walikofika Mapadri Weupe mwaka 1883, hazivuki nyuma ya hapo. Marehemu Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, aliishika kazi hiyo ya kuwaendea wazee kwa miaka mingi, na mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig alimtegemea katika kukusanya habari za wahenga. Riwaya yake, hazina ya mila za posa, kilimo na uganga, aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Nayo, kwa masikitiko makubwa, haikuchapishwa ila mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata.