Saa za Mti na Randa ya Chelor

Mwaka 1807 fundi saa mmoja wa Connecticut, Eli Terry, alikubali oda ambayo hapakuwa na fundi wa Marekani aliyewahi kuipokea: mitambo ya saa 4,000, yote ya mti, ndani ya miaka 3, kwa dola 4 kila mmoja. Siku hizo karakana ya saa ilitoa saa chache tu kwa mwaka, na kila gurudumu lilikatwa kwa mkono, jino baada ya jino.

Mti ulitumika kwa sababu shaba ililetwa kwa meli kutoka Uingereza na bei yake ilikuwa kali, ilhali misitu ilianzia nyuma ya nyumba. Magurudumu yalichongwa kwa mcheri, bamba la kuyabeba kwa mwaloni.

Kinachonivutia zaidi kwa Terry ni jinsi alivyoutumia mwaka wa kwanza. Hakukimbilia kutengeneza saa. Aliutumia mwaka ule kufunga mashine za kukata meno na kukereza, zikaendeshwa kwa nguvu ya maji ya kijito, na kuandaa vipimo ili gurudumu la saa hii liingie kwenye saa ile bila kupigwa tupa. Mwaka wa pili akatoa mitambo kama 1,000. Mwaka wa tatu, 3,000, yaani zaidi ya minane kwa siku hata ukihesabu na Jumapili. Mzigo wote ukamalizika mwaka 1810. Kwangu mimi hii ndiyo rekodi kubwa kuliko zote za ufundi saa wa Marekani ya zamani: kabla yake saa ya ukutani ilikuwa mali ya tajiri, baada yake mkulima wa kawaida aliweza kuifikiria.

Rekodi ya bei ya chini kabisa ilikuja baadaye, na aliyeiweka ni Chauncey Jerome, aliyewahi kumtengenezea Terry makasha ya saa. Yeye aliuacha mti, akatumia shaba ya kubonyezwa kwa mashine. Mwaka 1842 alipeleka shehena Uingereza. Bei kwenye ankara ilikuwa ndogo mno, maofisa wa forodha wakaamini imepunguzwa ili kukwepa ushuru, basi wakatumia sheria yao: wakazinunua saa zote wenyewe kwa bei ile ile iliyoandikwa, na nyongeza ya asilimia 10. Jerome akapeleka shehena ya pili, ikanunuliwa vilevile. Ya tatu wakaiacha ipite. Mtu huyo aliyeijaza dunia saa alifilisika katika miaka ya 1850, akafa maskini mwaka 1868.

Aliyefanya kazi hadi uzeeni kupita wengi ni Simon Willard wa Massachusetts, mwenye hataza ya mwaka 1802 ya saa ya ukutani yenye umbo la banjo. Aliishi miaka 95. Mwaka 1837, akiwa na miaka 84, alitengeneza mtambo wa saa iliyomo hadi leo katika jengo la Bunge mjini Washington, kwenye gurudumu la sanamu ya gari iliyochongwa kwa marumaru.

Anayetaka kuona karakana iliyobaki kamili kuliko nyingine aende jumba la makumbusho la Winterthur, Delaware, kwenye vifaa vya ukoo wa Dominy wa Long Island. Nathaniel wa nne alikuwa fundi saa, mwanawe seremala, mjukuu wake Felix naye fundi saa. Vifaa vyao ni zaidi ya 1,000: randa, patasi, tupa, misumeno, kerezo yenye gurudumu kubwa la kuzungushwa kwa mkono. Kwa kawaida saa hubaki na vifaa hupotea. Hapa vyote vimebaki.

Mwaka 1753, ule ule aliozaliwa Willard, ulikuwa na mambo mengine. Karibu na wakati huo huko Maryland, Benjamin Banneker, kijana Mweusi huru wa miaka 20 na kidogo, aliazima saa ya mfukoni, akaichunguza, kisha akachonga ya kwake kwa mti. Wako wanaosema ndiyo saa ya kwanza kutengenezwa Marekani. Si kweli, Philadelphia ilikuwa na mafundi saa miongo kadhaa nyuma, na Banneker hahitaji sifa ya kuongezewa. Saa yake ilihesabu muda kwa karibu nusu karne, ikateketea pamoja na nyumba yake mwaka 1806, siku ya mazishi yake.

Na mwaka huo huo wa 1753, katika mji wa Wrentham, Massachusetts, alifariki Francis Nicholson, mtengenezaji randa wa kwanza wa Marekani anayejulikana kwa kumbukumbu za maandishi. Mtumwa wake Cesar Chelor alikuwa amejifunza kazi hiyo mikononi mwake. Wosia ulimpa Chelor uhuru, ardhi, benchi la kufanyia kazi na vifaa. Akaendelea kutengeneza randa hadi alipofariki mwaka 1784, wa kwanza miongoni mwa watengenezaji vifaa Weusi wa Marekani ambao majina yao yamehifadhiwa kwenye kazi zao.

Nicholson alikuwa akigonga muhuri kwenye kichwa cha randa: jina lake, na chini yake maneno kwamba anaishi Wrentham. Chelor alipopata uhuru hakuyabadili maneno hayo. Alibadili jina tu, akaweka lake.