Nchi Iliyobadili Jina Lake

Katika bara la Ulaya, upande wa kaskazini wa Ugiriki, iko nchi ndogo ya milima na maziwa, isiyofika bahari mahali po pote. Watu wake hawatimii milioni 2. Zamani ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Mwaka 1991 ilijitenga, ikajiita Makedonia.

Nchi ndogo ikikaa peke yake huwa na hofu, maana mwenye nguvu aweza kuionea. Basi wakuu wake walitaka kuingia katika NATO. Huo ni umoja wa mataifa yaliyopatana mwaka 1949, yalipokuwa 12 tu, kwamba adui akilishambulia moja, ni kama ameyashambulia yote. Lakini mgeni haingii katika umoja huo ila wenyeji wote wakubali. Mmoja akikataa, mlango umefungwa.

Ugiriki ilikataa. Kwa nini? Kwa sababu jimbo lake la kaskazini nalo huitwa Makedonia, na Wagiriki hulihesabu jina hilo kuwa urithi wao tangu siku za mfalme Aleksanda Mkuu. Waliogopa kwamba achukuaye jina leo atadai na ardhi kesho. Kwa hiyo mwaka 2008, NATO ilipokutana mjini Bucharest, Makedonia haikukaribishwa.

Ikapita miaka kumi. Tarehe 17 Juni 2018 serikali hizo mbili zilitia sahihi mapatano kando ya ziwa Prespa, lililo mpakani. Nchi ndogo ilikubali kuitwa Makedonia ya Kaskazini, na Ugiriki ikaahidi kutoizuia tena. Lililoongezwa ni neno moja tu, lakini lilikuwa chungu. Wananchi walipoulizwa mwezi wa Septemba, waliopiga kura karibu wote walikubali, bali zaidi ya nusu ya wenye haki ya kura hawakwenda. Ikabidi Bunge liamue, na mwezi wa Januari 2019 wajumbe 81 kati ya 120 walikubali. Huko Ugiriki nako wengi walinung'unika, wakisema urithi wao umegawiwa.

Tarehe 27 Machi 2020 Makedonia ya Kaskazini ikawa nchi ya 30 katika NATO. Ilipata ulinzi, tena ilitwikwa wajibu: taifa jingine la umoja likishambuliwa, nayo haina budi kusaidia. Hata leo wako wananchi wasemao "Makedonia" tu. Je, bei waliyolipa ilikuwa kubwa mno? Wenyewe hawajapatana bado.