Swali la Kumi (Sehemu ya Tatu)

Wiki jana niliwaacha kwenye machozi ya siku ya tatu, yale yanayomjia mzazi bila sababu na kukauka kabla ya wiki mbili kwisha. Leo zamu ni ya yasiyokauka. Na uamuzi wa Mahakama Kuu wa Januari 2025, uliobatilisha kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya, kilichomhesabu mhalifu kila aliyejaribu kujiua, umenirudisha kwenye karatasi niipendayo kuliko zote za udaktari.

Ni Kipimo cha Edinburgh cha kushuka moyo baada ya kujifungua, maswali kumi, kilichapishwa 1987. Wengi hudhani ni cha Uskochi tupu. Wapi! John Cox, mmoja wa waliokitunga, alifundisha Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuwahoji wajawazito wa Kasangati, karibu na Kampala. Waganda walikuwa tayari na jina la maradhi ya mzazi: amakiro. Mwenye amakiro, walisema, huweza hata kutaka kumla mwanawe, na lawama wakaitupia zinaa ya wakati wa mimba. Jina nalivulia kofia. Lawama naikataa, maana ni ileile inayovaa nguo mpya hapa kwetu tunaposema mama kijana analia kwa uvivu. Cox alipolinganisha Uganda na Uskochi alikuta kushuka moyo kwa wazazi kunakaribiana, kama mama mmoja kwa kila kumi. Aliyedai Mwafrika hana muda wa kushuka moyo akose pa kusimama.

Swali la kumi linauliza kama katika siku 7 zilizopita mama amewaza kujidhuru. Kuwaza hakujawahi kuwa kosa, ila kabla ya uamuzi ule aliyekwisha kujaribu angejibuje, na kifungo cha hadi miaka miwili kilikuwa kinamngoja?

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki moja hapa Voi, joto limebana. Kichanga cha wiki sita kikaning'inizwa kwenye mizani, kilo zikaandikwa kijitabuni, kikadungwa sindano. Mama akaulizwa neno moja tu: ananyonya? Ananyonya.

Mumewe, aliniambia, yuko barabarani na lori. Nikamuuliza, "Unalala, binti yangu?"

"Analala vizuri, mwalimu."

"Sikuuliza mtoto."

Akageuza uso kuelekea mlima Sagalla. Mzazi anayekosa usingizi hata mtoto akilala, wiki ya pili imepita, arudishwe kwa muuguzi, asingoje tarehe ya chanjo. Yule tulirudi naye ndani.